Masomo ya Kujua Watu

Jumatatu, 4 Machi

Leo gwarideni tumetangaziwa kwamba kabla muhula huu haujaisha kila mmoja wetu awe amechagua masomo ya miaka miwili ijayo, na kwamba tuchague kwa busara. Niligeuka nikawatazama hao wanaoombwa busara. Nyuma yangu msichana mmoja alikuwa anajizungushia uzi wa sweta kidoleni mpaka kidole kikawa cha zambarau. Mbele yangu alisimama kiranja wetu, ambaye amekwisha kuamua kuchukua fizikia kwa sababu chumba cha fizikia kina feni.

Mimi nataka kusoma saikolojia chuo kikuu. Nimekata shauri tangu mwaka jana, na darasani sijamwambia mtu, kwa sababu wengi wao wakilisikia neno lenyewe watadhani ni ugonjwa wa ngozi.

Tumepewa mikondo mitatu. Sayansi ni fizikia, kemia na baiolojia. Sanaa ni historia, jiografia na lugha. Biashara ni hisabati, uchumi na uhasibu. Saikolojia haimo popote. Ni kama kwenda kununua kitanda, muuzaji akakwambia uchague kati ya msumari, godoro na rangi.

Mvua imeanza jioni.

Jumatano, 6 Machi

Baba ni fundi wa majokofu. Kwake kila kibovu kina kifaa kimoja kilichoharibika. Ukikibadilisha, kitu kinanguruma tena kama kawaida. Anataka niwe daktari kwa sababu anaamini daktari ni fundi aliyevaa nguo nyeupe. Nilipomwambia saikolojia aliuliza inatengeneza nini. Nikasema watu. Akasema watu wanatengenezwa hospitali, akaendelea kula.

Mama anashona mapazia. Nusu ya sebule yetu siku zote ni madirisha ya watu wengine. Kipimo hakimtoki shingoni hata akilala mchana. Mama ana kipaji kimoja ambacho ningependa wanasayansi waje wakichunguze: anaweza kulizunguka jambo mwaka mzima bila kulitaja.

Jambo lenyewe ni Mamdogo, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye sasa analala kitanda cha dirishani chumbani kwangu. Alikuwa mtakwimu katika ofisi ya maji. Alikuwa mtu wa viatu vinavyosikika koridoni kabla yake. Asubuhi moja mwaka jana alifika mlango wa ofisi akashindwa kuingia. Alikaa kwenye ngazi mpaka mlinzi akampigia Mama simu. Tangu hapo hajavuka geti letu. Mama anasema amechoka. Jirani anasema ni uvivu wa wasomi. Baba anasema "ile hali", kama vile anazungumzia gesi inayovuja. Hakuna hata mmoja wao aliyefungua kitabu. Mimi nimefungua viwili.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Bati la darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa historia akafundisha kipindi kizima kwa midomo mitupu. Hatukupoteza kitu.

Jumatatu, 11 Machi

Hatimaye nimekutana na mtu mwenye akili shuleni hapa.

Kila mwanafunzi anapelekwa kwa mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye sisi humwita Tabasamu kwa sababu hajawahi kuonekana bila hilo, hata siku alipobanwa kidole na mlango. Nilikwenda nimejiandaa kumdharau. Ofisi yake ina viti viwili vyenye mito na ua la plastiki ambalo hufutwa vumbi. Aliinamisha kichwa upande mmoja akaniuliza kwa nini saikolojia, kisha akanyamaza. Hakuna mtu aliyewahi kuninyamazia vile. Watu wa nyumbani kwangu hunyamaza ili nisiseme; huyu alinyamaza ili niseme.

Nikamwambia habari za Mamdogo. Zote: ngazi za ofisi, mlinzi, geti, anavyosimama nyuma ya pazia kumngoja mwuza mkate apite. Alisema maneno yangu yatabaki ndani ya kuta zile nne. Akanishauri nichukue sanaa. Kwa kauli yake, saikolojia ni moyo, na sayansi inakausha moyo. Hisabati niisahau kabisa.

Ningeweza kumkumbatia. Hisabati na mimi hatusalimiani.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeanza kazi na Mamdogo. Kitabu kinasema umwulize mgonjwa maswali wazi, usimhukumu. Nilimwuliza jana anajisikiaje akiliona geti. Alisema analiona limepauka. Leo nikamwuliza kama kuna kitu kinachomtia wasiwasi nje ya nyumba. Alikuwa anakunja nguo. Hakuinua macho.

"Umeniuliza swali la jana, umelivika kofia tu," alisema.

Anakwepa. Hiyo imo ukurasa wa arobaini.

Jumapili, 24 Machi

Amekuja binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye yuko mwaka wa pili wa saikolojia chuoni. Ukoo mzima unamwita Msomi, na yeye huitika. Anakuja Jumapili wakati wa chakula, kwa bahati tu, kila mara.

Kabla hajanawa alikwisha kumwambia Baba kwamba ana hasira alizozifukia utotoni. "Mjomba, unaona ulivyoshika kijiko?" Baba alikitazama kijiko. Mama aliambiwa anashona mapazia kwa sababu anaogopa kuonekana. Mama akamwongezea wali. Mamdogo alipopita kwenda jikoni, Msomi alinikonyeza akanong'ona neno refu ambalo nalijua na ambalo alilitamka vibaya.

Hivi ndivyo wanavyowatoa huko? Nilimwangalia akitafuna nikafikiri, kama huyu ameingia, mimi nitakuwa mkuu wa kitivo.

Lakini shibe ilimlegeza, akaanza kulalamika. Ameshindwa takwimu kwa mara ya pili. Nusu ya masomo yao ni takwimu, alisema, na nusu nyingine ni ubongo, neva kwa neva, kama darasa la udaktari. Waliotoka mkondo wa sanaa walilia muhula wa kwanza wote. Rafiki yake mmoja amehamia kozi ya utalii.

"Kwa hiyo mtu achukue nini kabla hajaja?" nilimwuliza.

"Hisabati na baiolojia. Na lugha, maana unaandika mpaka mkono unakufa ganzi." Alijinyoosha kwenye kochi. "Mimi walinidanganya. Mwalimu wetu wa ushauri alisema ni mambo ya moyo."

Akalala hapohapo mdomo wazi. Nilikaa kando yake. Ujinga wake nimeuzoea. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Jumanne, 26 Machi

Nilirudi kwa Tabasamu na maneno ya Msomi. Alitabasamu. Alisema vijana wanaoshindwa hutafuta visingizio, na kwamba mkondo wa hisabati, baiolojia na lugha haupo. Nikamwuliza nani aliyeamua haupo. Akasema ratiba.

Mkuu wa shule alinipa jibu la nusu dakika akiwa anatafuta miwani yake: vipindi vyenyewe havigongani, kwa hiyo inawezekana, ila mwalimu wa hisabati anikubali na mzazi aje kutia saini mwenyewe.

Mwalimu wa hisabati tunamwita Kipeo, kwa kuwa, kama ile namba ya kipeo, ni mdogo na anapenda kukaa juu: hafundishi mpaka apande kijukwaa chake cha mbao. Sauti yake haifiki dawati la pili, na mvua ikinyesha hasumbuki hata kidogo, huendelea na ubao kana kwamba darasa ni yeye na chaki. Alizitazama alama zangu za muhula uliopita kwa muda mrefu. Alisema atanipa mtihani mwanzoni mwa Mei, na nikifika wastani wa darasa atanichukua.

Wastani. Yaani niombe ruhusa ya kuwa kama wao.

Jumatano, 27 Machi

Mvua.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimesoma hisabati wiki nzima na sasa najua kwa nini watu wanakimbia shule. Leo baada ya chakula nilikuwa sakafuni chumbani, nimezungukwa na karatasi, nikikokotoa mtawanyiko wa namba fulani zisizo na mwenyewe. Mamdogo alikuwa kitandani kwake. Nilidhani amelala.

Alishuka, akakaa sakafuni kando yangu, akaitazama kazi yangu kama Mama anavyotazama mshono wa mwenzake.

Aliniuliza kama ninajua ninatafuta nini. Nikasoma kanuni. Akasema hakuniuliza kanuni. Akaenda sebuleni akarudi na kipimo cha Mama, akaniambia tupime madirisha ya nyumba yetu. Tukapima yote, la bafuni na la jikoni pia, na Mama akitufuata nyuma akiuliza kuna nini. Tukatafuta wastani.

"Sasa mama yako ashone mapazia yote kwa kipimo hicho," Mamdogo alisema. "Yatatosha wapi?"

Hakuna dirisha hata moja ambalo yangetosha. La sebuleni lingeachwa nusu wazi, na la bafuni pazia lingefagia sakafu.

Ndipo akanionyesha mtawanyiko ni nini: ni kila dirisha lilivyo mbali na lile dirisha la katikati ambalo halipo. Nilikuwa nimeiandika kanuni ile mara mia bila kujua inazungumza nini. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya yule mtu wa viatu vya koridoni.

Kisha akasema, bila ukali, kwamba vitabu vyangu viwili vinanipa pazia la wastani, na mimi kila jioni nakuja kulivuta nione kama litamtosha.

Nilikuwa nimekasirika. Bado nimekasirika, lakini sioni pa kuielekeza.

Jumanne, 9 Aprili

Hisabati na Mamdogo. Anaudhi. Hasifu. Ukipata jibu anauliza umejuaje kwamba ni jibu.

Jumatano, 17 Aprili

Kipeo ameuliza swali, bati likiwa linanguruma, na mimi peke yangu nikanyoosha mkono, kwa sababu nilisoma midomo yake. Jibu lilikuwa sahihi. Kiranja alinitazama kama mbuzi aliyesikia kengele. Feni imeharibika, kwa hiyo sasa anafikiria biashara.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo ulikuwa mkutano wa wazazi. Nitauandika wote.

Wanafunzi wa darasa letu tulipangiwa kubeba viti, kisha tukasimama nyuma ya ukumbi. Baba alibaki karakana. Mama alikuja, akakaa safu ya pili kati ya wateja wake. Karibu kila mwanamke mle ukumbini ana pazia la Mama nyumbani. Kipimo kilikuwa shingoni. Mvua ilikuwa kubwa, na kila aliyezungumza alionekana anatafuna hewa. Mkuu wa shule alitafuna. Mwenyekiti wa wazazi alitafuna. Nilikuwa nafurahi sana.

Tabasamu aliposhika kipaza sauti, mvua ikakatika. Muhula mzima imenyesha, ikakatika pale.

Alizungumzia kuwasaidia watoto kuchagua masomo. Alisema watoto wengine huchagua kwa akili na wengine kwa majeraha. Kisha akainamisha kichwa upande mmoja.

"Tunaye binti mmoja hapa, sitamtaja. Kwao kuna mama yake mdogo, mwanamke msomi, mtumishi wa serikali, mwaka mzima hajavuka geti. Alikaa kwenye ngazi za ofisi akalia mpaka mlinzi akaita watu. Mwuza mkate akija, anajificha nyuma ya pazia. Na huyu binti anataka saikolojia ili amponye. Wazazi wangu, mtoto wa namna hiyo hachagui masomo. Anatafuta dawa."

Mamdogo hakulia. Sikumwambia alilia. Hilo ndilo lililonijia kwanza, kwamba ameongeza chumvi, kana kwamba bila chumvi ingelika vizuri.

Hakunitaja jina, hakika. Ila kuna mwanamke mmoja tu katika mtaa huu aliyekuwa ofisi ya maji. Niliona safu ya pili ikigeuka, mmoja baada ya mwingine, kwanza kumtazama Mama na kisha kutazama nyuma kunitafuta mimi. Jirani yetu alimshika Mama mkono kwa huruma. Mama aliutazama mkono ule mpaka ukaondoka wenyewe. Hakusimama kutoka. Alikaa mpaka mwisho, akapiga makofi na wengine.

Tulirudi kwa miguu. Nyumbani alifunga madirisha kwanza, yote, moja moja, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni mimi niliyesema. Nikasema Tabasamu aliahidi itakuwa siri.

"Siri ya nani?" Mama aliuliza. "Ile ilikuwa ya kwako?"

Nilijibu kwamba angalau mimi nilimwambia mtu, kuliko kukaa tunashona mapazia na kujitia hamnazo. Nilisema zaidi ya hapo. Nilisema katika nyumba hii mtu angeweza kuoza akaambiwa amechoka. Sauti yangu ilikuwa imepanda, na nilipogeuka Mamdogo alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chetu. Kuta zetu ni nyembamba. Ninalijua hilo tangu nizaliwe.

Aliuliza, kwa utulivu kabisa, "Amesema msomi?"

Nikasema ndiyo.

"Hilo tu amelipatia," alisema, akarudi ndani akafunga mlango.

Jumapili, 21 Aprili

Mamdogo hajatoka chumbani. Mimi nimelala sebuleni juu ya vitambaa vya mtu. Msomi alikuja kwa ajili ya chakula, Mama hakumfungulia. Nilimsikia Mama akimwambia kupitia dirishani kwamba leo hatupiki.

Jumatatu, 29 Aprili

Tabasamu alinisimamisha koridoni akaniambia ameona nimenuna, na kwamba nikumbuke hakutaja jina. Alisema mifano hai huwasaidia wazazi kuelewa. Nililitazama lile tabasamu kwa karibu. Nilikuwa nimedhani ni upole. Ni namna ya uso tu, kama pua. Nilimwambia nawahi kipindi.

Baba amepata habari zote karakana kutoka kwa mteja aliyeleta jokofu lisilogandisha. Alinikalisha kati ya majokofu yaliyofunguliwa matumbo, akasema saikolojia imetutia aibu kabla sijaisoma. Atakuja shuleni siku ya kutia saini, na atatia saini sayansi, nikawe daktari. Hakupaza sauti. Alikuwa amesikitika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, na alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

Alhamisi, 2 Mei

Nimerudishwa chumbani, kwa sababu vitambaa vya sebuleni vimekuja kuchukuliwa. Mamdogo analala ameelekea ukutani. Hatuzungumzi. Mtihani ni kesho. Nilikaa sakafuni nikaanza swali moja, nikilisoma kwa kunong'ona kama ninavyofanya siku zote, nikakwama, nikarudia, nikakwama palepale.

"Hujagawanya," alisema kwa ukuta.

Nikagawanya.

Niliendelea mpaka maswali yakaisha. Nilikuwa na maneno mazuri ya kumwomba radhi, yamepangwa, yenye mwanzo na mwisho. Nilipoyasikia kichwani yalikuwa na sauti ya Tabasamu, nikayaacha.

Ijumaa, 3 Mei

Mtihani. Mvua. Kipeo alikuwa amekaa juu ya kijukwaa akila karanga.

Jumatano, 8 Mei

Nimeupita wastani wa darasa kwa alama chache. Kipeo aliniambia, "Inatosha," akanirudishia karatasi. Alisema atazungumza na mkuu wa shule. Nilingoja aniulize kwa nini nataka masomo haya, maana kila mtu ameniuliza, na kila jibu nililotoa limegeuzwa kitu kingine. Hakuuliza. Alitaka tu kujua kama swali la tano nililifanya kwa njia hiyo kwa makusudi. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kukubali.

Dharau yangu kwake imepungua kidogo tangu Machi.

Nilimwambia Mama, Mamdogo akiwa kitandani, nadhani amelala. Mama alisema Ijumaa Baba atatia saini sayansi hata hivyo.

Ijumaa, 10 Mei

Wazazi waliitwa asubuhi, mmoja mmoja, ofisini kwa mkuu wa shule. Baba alikuja na shati la kupigwa pasi, ananuka sabuni na kwa chini gesi. Tulikaa mbele ya meza. Tabasamu pembeni na majalada yake. Kipeo dirishani, amesimama, kwa hiyo hakuna aliyemwona. Mvua ilikuwa inanyesha lakini si ya kutisha.

Mkuu wa shule aliuliza ni mkondo upi. Baba akasema sayansi. Kipeo akasema kitu ambacho hakikusikika. Tabasamu akasema, kwa uzoefu wake, binti anahitaji sanaa na muda wa kupoa, kwani hali ya nyumbani kama ijulikanavyo si ya kawaida. Baba alikunja ngumi juu ya goti. Mimi nilisema hisabati, baiolojia na lugha, nikaambiwa nitapewa nafasi ya kusema. Walikuwa watatu wananichagulia masomo ya kuwajua watu, na hakuna aliyekuwa ananitazama.

Mlango uligongwa.

Alikuwa Mamdogo. Alikuwa amevaa viatu vya ofisini. Mama alikuwa nyuma yake koridoni na mwavuli, anatweta, na niliona mwavuli ule haukuwa umesaidia. Mamdogo alikuwa amelowa upande mmoja wote, kama mtu aliyetembea akiwa ameegemea ukuta njia nzima. Alishika fremu ya mlango. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa kushika. Nilijua kitabu kinasema nini kuhusu vidole hivyo na sikutaka kukijua.

Baba alisimama mara moja. "Shemeji," alisema, akampa kiti chake. Hakukaa. Alimtafuta Tabasamu kwa macho mpaka akampata.

"Mimi ndiye yule wa kwenye mfano wako, Madam," alisema. "Nimekuja ili siku nyingine ukinisimulia uwe umeniona."

Tabasamu alifungua mdomo. Tabasamu lake lilikuwa bado pale. Nadhani hakuwa na pa kuliweka. Alianza kusema nia yake ilikuwa njema, na Mamdogo akamsubiri amalize, kwa adabu, mpaka maneno yakamwishia katikati.

Kisha akamgeukia mkuu wa shule. Alizungumza polepole, akipumzika kila baada ya sentensi chache, na mle ndani hakuna aliyemharakisha. Alisema binti huyu hatamponya, na yeye hajamwomba amponye. Alisema mtoto ana udadisi na mdomo mrefu, na vitu hivyo viwili bila hesabu hutoa watu wa kuhutubia kwenye mikutano. Mwenye kupima watu lazima kwanza ajue kupima. Amemfundisha mwenyewe, na mtoto anaweza. Hakusema ni hodari. Alisema anaweza.

"Na kemia?" Baba aliuliza. Aliuliza kwa unyonge, kama mtu anayeuliza habari za mzigo uliopotea.

"Shemeji, hii si friji," Mamdogo alisema.

Sijui nilitegemea nini. Baba angeweza kukasirika, na mwezi uliopita ningeandika hapa kwamba atakasirika na sababu zake. Aliutazama mkono wa Mamdogo uliokuwa bado umeshika fremu ya mlango. Akavuta kalamu kwenye meza ya mkuu wa shule.

"Nitie saini wapi?" alisema. "Tumrudishe nyumbani, amelowa."

Kipeo alisogea akamwonyesha kwa kidole.

Tulirudi wanne chini ya mwavuli mmoja, yaani hakuna aliyefunikwa. Mama alimshika mkono mmoja, Baba mwingine. Mimi nilitangulia kufungua geti.

Jumamosi, 11 Mei

Mamdogo amelala siku nzima. Hakula. Jioni alitapika. Baba alikaa sebuleni akitengeneza redio ambayo haikuwa mbovu.

Jumapili, 19 Mei

Jumanne Mama alimpeleka Mamdogo hospitali, kwa gari la mteja lililosogezwa mpaka mlangoni. Sasa ana dawa na siku ya kurudi. Mama alilitamka jina la ugonjwa mezani leo, mbele yetu sote, kwa kulikata vipandevipande kama anavyotamka majina ya vitambaa kutoka nje. Baba alimwomba alirudie ili alishike. Msomi alikuwapo, akamsahihisha matamshi. Alikosea tena.

Jumamosi, 25 Mei

Shule imefungwa. Kiranja amechagua sanaa kwa sababu mchumba wake yuko sanaa. Tabasamu ameniandikia kwenye ripoti kwamba nina kipaji cha kusikiliza. Sijui alikipima lini.

Mamdogo alifika getini juzi, akashika komeo, akarudi. Jana hakwenda. Leo amekwenda tena, na mimi nilikuwa uani nafua, nikaendelea kufua.

Mchana jirani amenikuta bombani. Alisogeza ndoo yake karibu na yangu, akashusha sauti, akaniuliza kama kweli mama yangu mdogo amepona, maana walimwona siku ile ya mvua, na kama ni dawa au ni nini hasa kilichokuwa kinamsumbua, kwa kuwa mimi ndiye ninayekwenda kuyasomea.

Nikamwambia sijui.

Alinitazama juu mpaka chini. Ninayafahamu macho yale, ndiyo niliyokuwa nikiyatumia kuwatazama watu muhula mzima. Nikangoja ndoo yangu ijae.